Jua la Kitui Si Jua la Mombasa

Ndugu msomaji, ukitaka kumwona Mwislamu mtu mzima ameduwaa, mngoje ameze tende yake ya kwanza, kisha umwonyeshe jua lingali angani.

Jambo hilo lilitokea Kitui katikati ya Machi 2024, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1445. Msikiti wenyewe ni mdogo na sitautaja jina, kwa kuwa waumini wake wameshaona haya ya kutosha. Mvua zilikuwa zikinyemelea, na wingu zito lilikuwa limetanda tangu alasiri, hata hapana aliyeweza kujua magharibi kuna nini. Ukutani mwa msikiti ule palikuwa na kioo cha kompyuta kilichoonyesha nyakati za sala tano. Ulipotimia wakati, kompyuta iliita kengele ndogo, muadhini akasimama akaadhini, na watu wakafuturu. Hawajamaliza hata gilasi ya maji, upepo ukalipasua lile wingu na jua likachungulia, jekundu, zima, bado liko mbali na migongo ya vilima. Mtoto mmoja wa chuoni ndiye aliyesema, "Maalim, jua lile."

Maalim alikuwa na tende ya pili mkononi. Aliirudisha sahanini.

Wanazuoni walio wengi husema kwamba mwenye kufuturu kwa kudhani jua limetua, kisha ikabainika kuwa halijatua, hana dhambi lakini siku ile ailipe. Basi walilipa. Lakini ugomvi haukwisha kwa kulipa. Wazee walisema kosa ni la kompyuta, na kwamba tangu zamani walisema kitu kile hakina kazi msikitini. Vijana walisema kompyuta haikosei, kosa ni la ratiba iliyotiwa ndani yake. Maneno hayo yalivuka Ramadhani, yakavuka Idi mbili, na mwezi wa Rajabu ulipoingia Maalim akanipigia simu. Yeye amemwoa mama yangu mdogo, nami ni fundi wa redio na kompyuta hapa Mombasa.

"Mwanangu," aliniambia, "Shaabani inakuja. Sitaki Ramadhani nyingine watu waniangalie vile."

Nilimwuliza maswali mawili matatu kwa simu, na jibu likanijia kabla sijafunga safari. Wazee na vijana wote walikuwa na haki, ila kila upande ulikuwa umeshika nusu yake tu.

Nusu ya kwanza ni hii. Saa iliyo ndani ya kompyuta ni kipande kidogo cha jiwe la kwazi kinachotetemeka, na kompyuta huhesabu mitetemo yake. Jiwe hilo si aminifu kama watu wanavyodhani. Joto likizidi hubadilisha mwendo, na hata likiwa zima huweza kupotoka sekunde mbili kwa siku. Sekunde mbili ni kitu gani? Kwa mwezi ni dakika moja. Katika mji, kompyuta husahihishwa kila mara kwa intaneti, mtu asijue. Msikiti ule haukuwa umelipia intaneti kwa miezi kadhaa, na kompyuta ilikuwa imejiendea yenyewe mbele kwa dakika tatu.

Nusu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kijana aliyetia programu ya nyakati za sala alitoka huku kwetu, na palipoulizwa mji alijaza Mombasa, akaondoka. Siku ile ya Machi, jua la Mombasa lilitua yapata saa kumi na mbili na dakika 34 za jioni. La Kitui lilitua kama dakika sita baadaye. Ukijumlisha dakika sita za ratiba na dakika tatu za saa mbovu, utapata dakika tisa. Jua huchukua kama dakika mbili kuteremka kiasi cha unene wake, kwa hiyo watu wa Kitui walifuturu hali jua lina zaidi ya mara nne ya unene wake mpaka kuzama. Ndiyo maana lilionekana zima.

Nilifunga mzigo wangu. Ndani yake mlikuwa na kitu kidogo kama kiberiti, chenye waya mrefu, ambacho kazi yake ni kusikiliza setilaiti na kuipa kompyuta saa. Nilikinunua kwa mtu anayeuza vitu vilivyokwisha tumika, na bei ilinifurahisha. Utaona baadaye kwa nini haikupasa kunifurahisha.

Ijumaa tarehe 14 Februari 2025 nilipanda basi la Nairobi, nikateremka Kibwezi katika Makueni, kisha nikachukua matatu ya kupitia Ikutha na Mutomo mpaka Kitui. Sisi watu wa pwani huipita Makueni tukiwa tumelala, tukaamka Mtito Andei kunywa chai, na tukadhani tumeiona. Hali njia hizi ni za wazee wetu. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu katika karne ya kumi na tisa, na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alijulikana vema pwani. Ni yeye aliyempokea Krapf, mmisionari wa Rabai, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Waislamu walioko Kitui leo si wageni wa jana. Ukiswali Ijumaa pale utasikia Kiswahili ambacho kingekaa vizuri tu katika baraza la Kibokoni.

Msafiri wa msafara ule hakuwa na matatizo ya ratiba. Jua lilimtokea alipo, likamtulia alipo. Jua halijabadilika, tuliobadilika ni sisi, tulipokubaliana kuwa na saa moja kwa nchi nzima. Ukihesabu kwa jua, Mombasa imeitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 38 na kitu, na Kitui kwa saa mbili na dakika 32. Lakini zote mbili zinatumia saa tatu kamili, ambazo ndizo saa za jua la longitudo 45, na mstari huo unapita jirani na Mogadishu. Kwa maneno mengine, saa iliyo mkononi mwako hapa Mombasa inafuata jua la Wasomali. Ndiyo sababu adhuhuri yetu haiingii saa sita kamili bali husogea mbele, na ya Kitui husogea zaidi.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai na mihogo, tulianza kazi. Maalim aliketi kitini karibu yangu na akataka kuelezwa kila kitu kabla hakijafungwa. Nilimweleza kwa mfano wa mzinga, na naona ni vizuri nikueleze nawe vivyo hivyo.

Fikiri, msomaji, mzinga wa kufuturu ule wa zamani. Sauti yake haifiki papo hapo. Aliye umbali wa kilomita tatu na nusu huusikia baada ya sekunde kumi hivi. Sasa, ukijua mzinga ulilia saa ngapi barabara, na ukajua umeusikia saa ngapi, utajua uko mbali nao kiasi gani. Ukiwa na mizinga mitatu iliyo mahali mbalimbali, utajua hasa ulipo. Setilaiti za mfumo wa Wamarekani uitwao GPS ndiyo mizinga hiyo. Ziko zaidi ya 24, zinaizunguka dunia mara mbili kwa siku katika urefu wa kilomita 20,200 hivi, na kila moja imebeba saa za atomu ambazo hazipotoki ila kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Badala ya kupiga baruti, kila moja inatangaza bila kukoma kwa mawimbi ya redio: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na saa yangu ni hii. Mawimbi hayo huchukua kama sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde kutufikia.

"Lakini mimi nisikilizaye," akasema Maalim, "saa yangu ni mbovu. Nitajuaje nimesikia saa ngapi?"

Nakiri kwamba nilifurahi, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Jibu ni kwamba unasikiliza mzinga wa nne. Mitatu inatosha kukuambia ulipo kama saa yako ni nzima. Wa nne hukuambia saa yako imepotoka kwa kiasi gani. Hesabu zote nne hufanywa pamoja, na jawabu hutoka pamoja: uko wapi, na saa ni ngapi. Huwezi kupewa moja bila ya pili.

Maalim alinyamaza kidogo. "Basi yule kijana asingalihitaji kuandika Mombasa," akasema.

Ndivyo, ndugu msomaji. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuja Kitui kutengeneza saa, kumbe kifaa nilichobeba kingetengeneza makosa yote mawili.

Kazi yenyewe haikwenda kwa urahisi kama maelezo. Mara ya kwanza nilikiweka kipokezi dirishani, nacho hakikusikia kitu. Msikiti umeezekwa mabati, na mabati kwa mawimbi hayo dhaifu ni kama ukuta wa mawe. Eriali sharti ione mbingu. Nikaomba ngazi. Eriali yenyewe ni kidude kama kipande cha sabuni chenye sumaku chini, kinanasa juu ya bati bila msumari, na mabati yale yale yaliyokuwa adui chini yake huwa rafiki ikiwa juu yake, kwa maana hurudisha mawimbi juu.

Nilipokuwa juu ya paa jirani mmoja, mama wa makamo, alisimama uani kwake mikono kiunoni akaniuliza ninafunga nini. Nikamwambia ni kitu cha kusikiliza setilaiti.

"Kile cha Mukuku?"

Sikumlaumu. Hazikuwa zimepita hata wiki saba. Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, duara la chuma lenye upana wa mita mbili na nusu hivi na uzito wa kama kilo 500 lilianguka kutoka mbinguni katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda likalichukua, na likatangaza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo ilitakiwa iungue ikirudi duniani au iangukie mahali pasipo na watu. Hakuumizwa mtu. Lakini watu wa Ukambani tangu siku ile hutazama juu kwa macho mengine, na mama yule alitaka kujua kama kidude changu hakitaivuta pete nyingine ije imwangukie.

"Mama," nikamwambia, "hiki hakivuti wala hakitumi. Kinasikiliza tu."

"Na wao huko juu wanajua kuwa unasikiliza?"

"Hawajui."

Alionekana kuridhika na jibu hilo kuliko lote nililosema. Kwetu pwani tulizoea mambo haya mapema. Roketi zilikuwa zikirushwa kutoka kwenye mtambo wa Waitaliano baharini Ngomeni, karibu na Malindi, tangu mwaka 1967, na setilaiti iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru. Lakini aliyeona kitu kikipaa hawi na hofu ya aliyeona kitu kikianguka.

Nikateremsha waya hadi kwenye kompyuta. Ni kompyuta ya zamani, na uzee wake ulinisaidia, kwa kuwa nyuma ina tundu la pini tisa ambalo kompyuta mpya hazina. Kipokezi hutoa vitu viwili. Kwanza hutoa maneno, yaani mstari wa maandishi kila sekunde wenye saa, tarehe, latitudo na longitudo. Maneno hayo yana kasoro moja: hufika yamechelewa, kwa sababu kuyapitisha kwenye waya herufi moja baada ya nyingine kunakula sehemu ya sekunde. Pili hutoa pigo, mshtuko mmoja wa umeme hasa sekunde inapoanza, na pigo halichelewi. Maneno yanasema ni sekunde ipi; pigo linasema ni sasa. Ni kama imamu na mkebiri wake. Pigo huingizwa katika pini ya kwanza, maneno katika ya pili, kisha programu mbili, gpsd na chrony, zinafanya yaliyobaki: moja inasoma, ya pili inaiongoza saa ya kompyuta polepole mpaka inyooke. Sayansi hii ya kulinganisha saa za kompyuta inatokana na kazi ya David Mills wa Marekani, aliyeianza kabla ya 1985 na kufariki Januari 2024.

Tulingoja. Kipokezi kikiwa kimelala muda mrefu huhitaji kama dakika 12 na nusu kupata habari zote za setilaiti, pamoja na hesabu ya sekunde za nyongeza, maana saa ya GPS tangu mwanzo wa 2017 imeitangulia saa ya dunia kwa sekunde 18 na ni lazima zipunguzwe. Watoto wa chuo walikuwa wamejaa mlangoni. Mwishowe mistari ikaanza kushuka kiooni, na mwanafunzi mkubwa akasoma tarehe kwa sauti: Jumamosi, tarehe 2 Julai 2005.

Chumba kizima kilicheka, isipokuwa mimi na Maalim.

Nilihesabu kwa penseli nyuma ya bahasha. Kutoka tarehe ile mpaka siku ile tuliyokuwa nayo ni siku 7,168, yaani wiki 1,024 kamili, wala haikupungua hata siku moja. Hapo nikajua ugonjwa wake. Mfumo ule ulianza kuhesabu wiki tarehe 6 Januari 1980, na wenyewe waliacha nafasi ya kuhesabu wiki 1,024 tu, kisha hesabu hurudi sifuri kama mita ya gari kuukuu. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Vipokezi vya zamani havikufundishwa mzunguko huu wa pili. Vinajua sekunde, vinajua dakika, vinajua hata kuwa leo ni Jumamosi, lakini mwaka haviujui. Yule aliyeniuzia alikuwa ameniuzia mzee asiyejua kuwa ujana wake umepita.

Kwa fundi jambo hili si zito. Unaiambia programu iongeze sekunde 619,315,200, na tarehe inakuwa sawa. Nilifanya hivyo, ikawa sawa. Maalim akatazama, akatikisa kichwa.

"Sikatai hesabu yako," akasema. "Lakini kitu ambacho sharti kisahihishwe miaka kumi na tisa kila siku sikiweki ukutani mwa msikiti. Siku ukifa, nani atajua kuwa kinadanganya?"

Nilikasirika kidogo, maana ilikuwa pesa yangu, lakini alikuwa na haki. Nikampigia simu rafiki Mombasa, na Jumapili jioni kipokezi kipya kilifika kwa basi, kimefungwa katika gazeti. Hiki kilisema 2025 bila kuombwa. Nikabadilisha na betri ndogo ya duara iliyo tumboni mwa kompyuta, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imekufa na kila umeme ulipokatika kompyuta ilisahau hata ilikuwa imetoka wapi.

Kisha nikasoma mahali: latitudo digrii 1 na dakika 22 kusini, longitudo digrii 38 na dakika 1 mashariki. Niliziingiza katika programu ya nyakati za sala badala ya neno Mombasa, na nyakati zote zikasogea. Kibla nacho nilikiangalia, maadam mahali pamejulikana. Kwa Mombasa kibla ni kaskazini karibu barabara. Kwa Kitui unaelekea mashariki ya kaskazini kwa digrii nne na kitu. Mihrabu wa msikiti ule, uliojengwa na watu wasio na kipokezi chochote, ulikuwa sawasawa kwa kadiri dira yangu ilivyoweza kuona.

Mzee mmoja akauliza, kwa nini tusabili kwa haya yote, si tungeongeza tu dakika sita au saba juu ya ratiba ya Mombasa kama watu wengi wafanyavyo? Hapa naomba utulie nami, msomaji, kwa sababu swali hili lina mtego. Tofauti ya dakika sita na nusu inatokana na longitudo, nayo haibadiliki mwaka mzima. Lakini Mombasa iko kusini zaidi kuliko Kitui, na hilo nalo lina hesabu yake, ambayo hubadilika na majira. Mwezi wa Juni, jua likiwa kaskazini, Mombasa mchana ni mfupi kidogo, na hivyo Kitui jua hutua baada ya Mombasa kwa kama dakika kumi na moja, lakini alfajiri yake huchelewa kwa mbili tu. Mwezi wa Desemba mambo yanageuka: magharibi dakika mbili, alfajiri kumi na moja. Machi na Septemba ndipo zote hukaribia sita na nusu.

Sasa Ramadhani yetu haikai mahali pamoja. Mwaka 2016 ilianza Juni. Aliyekuwa Kitui mwaka ule akaongeza dakika saba kila wakati alifuturu dakika nne kabla ya jua kutua, na akala daku kama dakika tano baada ya alfajiri. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mara Januari na mara tena mwishoni mwa Desemba, na huyo huyo na dakika zake saba atakuwa salama, ila atakaa na njaa dakika tano za bure.

Niliyasema haya kwa furaha ya fundi anayeona hesabu zake zinakubali. Nilipoinua macho nilimwona Maalim anatazama sakafu. Mwaka 2016 yeye ndiye aliyekuwa akiwatangazia watu. Hakusema chochote, na mimi nikaona haya kwa wepesi wa ulimi wangu. Baada ya muda alisema tu kwamba mtu huulizwa kwa alichokijua, na kwamba sasa amekijua.

Utaniuliza, je, simu ya mkononi haina haya yote? Inayo. Ndani ya simu nyingi kipokezi kama hiki kimo. Lakini programu nyingi za sala hufuata mji aliouchagua mwenye simu, na pale msikitini tulizikagua simu kumi na moja: nne zilisema Mombasa na tatu Nairobi. Isitoshe, simu ni ya mtu, hutoka naye. Wakati wa sala ni wa watu wote, na unastahili mahali pake.

Jambo hilo si geni katika Uislamu. Misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilikuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, aitwaye muwakiti. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwakiti wa msikiti wa Banu Umayya Damascus, na saa ya jua aliyouchongea mnara wake ilihesabiwa kwa latitudo ya Damascus hasa. Asingalikubali ratiba ya Cairo hata siku moja.

Mambo mawili Maalim aliyashikilia. La kwanza, kompyuta haitaadhini. Vijana walikuwa wanataka ipige adhana iliyorekodiwa kwa sauti nzuri ya Makka, naye akasema adhana ni ya mtu mwenye pumzi. Kompyuta impigie muadhini kengele, ikanyamaze. Naona alifanya vizuri. La pili, ziongezwe dakika mbili za tahadhari juu ya magharibi, kwa ajili ya vilima na kwa ajili ya moyo. Nami niliongeza la tatu kwa hiari yangu: niliondoa 18:40 na mfano wake, nikaifundisha kompyuta kuhesabu kama sisi, saa kumi na mbili na dakika 40. Mzee aliyeichukia mwaka mzima alisogea akaisoma.

Kurudi nilipitia Wote, mji mkuu wa Makueni, kwa sababu habari zilikuwa zimeshafika huko kabla yangu. Huko hawakuwa na kompyuta. Walitaka wanakili ratiba mpya ya Kitui waibandike mlangoni. Ilinibidi niwaambie kwamba hata hiyo si yao. Wote iko magharibi ya Kitui kwa dakika 23 za longitudo, na hiyo ni dakika moja na nusu ya saa. Tuliketi chini ya mwembe, nikakitoa kile kipokezi cha zamani nilichokataliwa, nikakiunga kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Kilisema mwaka ni 2005, lakini mahali kilipasema sawa: digrii 1 na dakika 47 kusini, digrii 37 na dakika 38 mashariki. Nikawachapia ratiba yao ya mwaka mzima, na nikawaachia kipokezi. Waliahidi kutokiuliza tarehe.

Ramadhani ya 1446 iliingia mwanzoni mwa Machi 2025. Katika siku zake za kwanza, jioni moja hapa nyumbani Mombasa, adhana ilikuwa imeshatoka na nimekwisha kunywa uji, simu ikalia. Alikuwa Maalim.

"Umeshafuturu?"

"Nimeshafuturu, Maalim."

"Alhamdulillahi. Sisi tuko nje hapa uani. Jua linazama mbele yetu sasa hivi, hakuna wingu."

Nilidhani atakata, lakini hakukata. Nilisikia watoto, nikasikia sahani zinapangwa, nikasikia mtu anasema limekwisha. Maalim hakusema neno, nami sikusema. Tulikaa hivyo, yeye huko na mimi huku, dakika zile mbili, mpaka nikaisikia kengele.